Dondoo muhimu: Kwa nini mtarakwa wako hauna mbegu?

Kwanza jua jinsia yake. Mtarakwa, ambao Tanzania wengi huuita mwangati, kwa kawaida huwa na mti dume na mti jike mbalimbali. Dume hutoa chavua tu. Jike hubeba vijitunda vya mviringo, milimita 4 hadi 8, vinavyoanza kijani na kuiva kwa rangi ya samawati iliyokolea yenye unga mweupe juu. Dume hata ukiutunza miaka 50 hautakupa mbegu.

Chavua hubebwa na upepo, si nyuki. Jike lililobaki peke yake shambani baada ya majirani kukatwa huweza kujaa vijitunda vizuri kabisa, kumbe ndani mbegu ni tupu, na mwenye kitalu hugundua baada ya miezi ya kumwagilia bure. Kwa hiyo ukivuna mbao, tafadhali bakiza madume upande unakotoka upepo. Mvua ya mfululizo msimu wa chavua nayo huharibu mavuno, na mti uliozibwa na kivuli huzaa kidogo kuliko ulio ukingoni mwa msitu.

Usichume vya kijani. Kuiva huchukua mwaka mzima au zaidi. Pasua mbegu kadhaa kwa kisu: zenye kiini cheupe kilichojaa ndizo nzuri. Vijitunda vilivyobaki viponde maganda, osha mbegu, tia majini. Zinazoelea nyingi ni tupu, zipande zilizozama.