Zebaki Katika Mafuta ya Kujichubua

Tumeulizwa na baadhi ya ndugu zetu habari ya mkorogo na mafuta ya makopo yanayouzwa kwa ajili ya kuung'arisha uso: je, yana dhara, au ni maneno ya watu tu? Twajibu kwamba dhara lipo, na sababu yake yajulikana.

Fahamu, ewe msomaji, ya kuwa weusi wa ngozi si uchafu hata usuguliwe ukatoka. Chini ya ngozi ya juu mna chembe zitengenezazo rangi iitwayo melanini, na rangi hiyo ndiyo mwavuli wetu: huuzuia mwanga mkali wa jua usipenye ukazidhuru chembe za ndani. Kazi ya kuitengeneza hutegemea kitu kimoja mwilini chenye shaba ndani yake. Zebaki ikipakwa hukipooza kitu hicho, na rangi haifanyiki tena kama desturi. Huo ndio weupe unaosifiwa arusini.

Lau mambo yangekoma usoni tungesema machache. Lakini zebaki hupenya ikaingia damuni, kisha ikakaa katika figo. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi waliandika katika jarida la British Medical Journal habari za wagonjwa walioharibika figo, na wengi wao walikuwa wakijipaka mafuta hayo. Serikali ya Kenya ikavipiga marufuku vipodozi vya namna hiyo mwaka 1998, pamoja na vile vyenye haidrokwinoni. Hii nayo, ikitumiwa muda mrefu, huweza kuleta madoa ya buluu na meusi yasiyotoka kwa urahisi. Mtu akimbie weusi, umkute mbele!

Liwa ya kusaga nyumbani hatuna neno nayo. Maneno yetu ni juu ya kopo. Likiandikwa "calomel" au "mercurio", ni zebaki ile ile. Na mara nyingi haliandikwi kitu. Aliyekwisha kulitumia na aende hospitali akapimwe mkojo na damu, amwambie daktari bila ya haya kile alichojipaka.

Wala asidhani kuwa jambo hili ni lake peke yake. Zebaki hushika mikononi, katika taulo na mito, na watoto wa nyumbani ambao hawakupakwa chochote wamekutwa nayo katika mkojo wao.