Kuponi Yenye Faida: Somo la Kununua Chakula Bora kwa Gharama Nafuu

Kuponi, vocha na ofa zimekuwa sehemu ya ununuzi wa kila wiki katika maduka makubwa ya miji yetu. Nyingine huchapishwa katika vijarida vya matangazo, nyingine hutumwa kwa ujumbe mfupi wa simu, na nyingine hubandikwa kwenye pakiti au kuchapwa chini ya risiti. Zote hutoa ahadi moja, kwamba mnunuzi atabaki na pesa zaidi mfukoni. Ahadi hiyo wakati mwingine hutimia. Wakati mwingine mnunuzi hutoka dukani akiwa ametumia pesa nyingi kuliko alivyokusudia, huku kikapu kikiwa kimejaa vyakula ambavyo mgonjwa wa kisukari au wa shinikizo la damu hushauriwa avipunguze.

Katika somo hili tunamwonyesha mtumiaji namna ya kutambua kuponi yenye faida. Kipimo chetu ni kimoja: kuponi ina faida pale tu inapopunguza gharama ya chakula ambacho ungekinunua hata kama isingekuwapo, na ambacho kinaijenga afya ya walio nyumbani.

1. Kwa nini kuponi nyingi ni za vyakula vya pakiti

Kila kuponi ina mtu anayeigharimia. Mara nyingi mtu huyo ni mtengenezaji wa bidhaa, na anacholipia ni jina la bidhaa yake kuzoeleka nyumbani mwako. Ndiyo maana ofa nyingi huangukia soda, biskuti, soseji, vibanzi vya pakiti na vinywaji vyenye ladha ya matunda. Mkulima wa sukuma wiki hana nembo wala fungu la fedha za matangazo, na mboga zake hazitofautiani na za jirani yake. Hakuna atakayekutumia kuponi ya fungu la mchicha.

Kwa hiyo, chakula kukosa kuponi hakumaanishi kwamba ni ghali. Anayepanga mapishi ya wiki kwa kufuata kijarida cha ofa huwa amewaachia wenye matangazo uamuzi wa kile ambacho watoto wake watakula. Andika orodha ya mahitaji kwanza, kisha utafute ofa zinazolingana nayo.

2. Mahali pa kutafuta kuponi zinazofaa

Kwanza, tafuta punguzo linalohusu jumla ya ununuzi badala ya bidhaa moja. Vocha ya Sh 200, au pointi zilizolimbikizwa kwenye kadi ya duka, kwa kawaida zinaweza kulipia mayai, maharagwe, ndizi au maziwa. Hii ndiyo njia iliyo rahisi zaidi ya kupata punguzo kwa vyakula ambavyo havina kuponi zake vyenyewe. Soma masharti, kwa kuwa baadhi ya vocha huziacha nje bidhaa fulani.

Pili, chunguza punguzo linalotolewa na duka lenyewe kwa vyakula vinavyoharibika upesi. Maduka mengi hupunguza bei ya matunda na mboga jioni, na msimu wa maembe au maparachichi huleta bei za chini hata bila ofa yoyote. Chakula cha namna hiyo kinunuliwe kwa kiasi kitakacholiwa siku hiyo au siku inayofuata.

Tatu, hifadhi kuponi chache za bidhaa za pakiti zenye manufaa: maziwa, mtindi usiotiwa sukari, unga wa nafaka isiyokobolewa, ndengu, maharagwe na njugu zisizotiwa chumvi.

Jambo moja la tahadhari: kadi ya pointi hupatikana kwa kutoa jina na nambari ya simu. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inakupa haki ya kuelezwa matumizi ya taarifa zako na ya kukataa zisitumiwe kukutumia matangazo.

3. Hesabu kabla ya kuchukua

Punguzo kubwa si lazima liwe bei ndogo. Linganisha bei kwa kilo au kwa lita. Tuchukue mfano, na bei zake ni za kufundishia tu. Kopo la maharagwe la gramu 400 linauzwa Sh 160, na una kuponi ya Sh 40. Utalipa Sh 120. Lakini ukisoma lebo utaona uzito bila maji ni gramu 240. Kilo moja ya maharagwe hayo, basi, inakugharimu Sh 500.

Kilo ya maharagwe makavu inauzwa Sh 180. Yakipikwa hutoa zaidi ya kilo 2. Hata ukiongeza Sh 60 za gesi au makaa, kila kilo ya maharagwe yaliyoiva haifiki Sh 120. Kuponi ilikuwa ya kweli, na bado chakula hicho kilikuwa ghali zaidi ya mara nne. Huenda mtu asiye na muda wa kuchemsha maharagwe akalichagua kopo. La muhimu ni ajue analipia nini.

Uwe mwangalifu vilevile na ofa ya kununua mbili upate ya tatu bure. Ikiwa ulihitaji moja ya Sh 150, umelipa Sh 300. Faida ipo tu ikiwa zote tatu zitatumika kabla ya kuharibika, na ikiwa kuwa nazo nyumbani hakutawafanya watu wale au wanywe zaidi ya kawaida.

4. Soma nyuma ya pakiti

Upande wa mbele wa pakiti hutangaza. Upande wa nyuma hueleza. Viambato huorodheshwa kuanzia kilicho kingi zaidi kwa uzito. Ikiwa sukari imetajwa ya kwanza au ya pili, hicho ni kitamutamu, hata kama mbele pamechorwa masuke ya ngano. Kumbuka kwamba glukosi, fruktosi, molasi na asali zote ni sukari.

Shirika la Afya Duniani linashauri sukari inayoongezwa kwenye vyakula, pamoja na ile ya asali na maji ya matunda, isifike asilimia 10 ya nishati tunayopata kwa siku. Kwa mtu mzima anayetumia kalori 2,000, hiyo ni takribani gramu 50. Kinywaji chenye gramu 10 za sukari katika kila mililita 100 humaliza kiasi hicho kwa chupa moja ya nusu lita. Kwa chumvi, Shirika hilo linashauri mtu mzima atumie chini ya gramu 5 kwa siku. Lebo ikitaja sodiamu peke yake, zidisha kwa 2.5 upate kiasi cha chumvi.

Hatimaye, tazama tarehe mbili: ya mwisho wa kuponi na ya mwisho wa matumizi ya chakula chenyewe. Baadhi ya punguzo kubwa hutolewa kwa sababu tarehe hiyo ya pili imekaribia.

5. Haki zako mbele ya keshia

Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa, taarifa anazohitaji ili anufaike nazo kikamilifu, na ulinzi wa afya, usalama na maslahi yake ya kiuchumi. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010 inakataza taarifa za uongo au za kupotosha kuhusu bei. Kwa hiyo, bei ya ofa iliyobandikwa kwenye rafu ikitofautiana na iliyoingizwa kwenye mashine, una haki ya kudai maelezo kabla ya kulipa.

Piga picha ya kibandiko cha bei na uhifadhi risiti pamoja na tangazo lenyewe. Mweleze kwanza msimamizi wa duka, kwa upole na kwa uthabiti. Usiporidhika, wasilisha malalamiko kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya ukiambatisha vielelezo hivyo.

6. Zoezi

Tafakari ofa tatu zifuatazo kabla ya kusoma majibu.

(a) Kuponi ya Sh 30 kwa pakiti ya soseji ambayo haimo katika orodha yako.
(b) Vocha ya Sh 200 kwa anayenunua vitu vya Sh 2,000, nayo orodha yako ni ya Sh 1,700.
(c) Punguzo la Sh 5 kwa kila pakiti ya maziwa, na familia yako hutumia pakiti nane kwa wiki.

Majibu: Ofa (a) haifai, kwa kuwa bila kuponi hiyo usingetumia chochote. Ofa (b) inategemea utakachoongeza. Ukiongeza biskuti za Sh 300, utalipa Sh 1,800 badala ya Sh 1,700, yaani umepoteza Sh 100. Ukiongeza mchele na ndengu za Sh 300 ambazo ungezinunua wiki ijayo, umeokoa Sh 200 kamili. Ofa (c) inakuokolea Sh 40 kwa wiki, mradi maziwa yatumike kabla ya tarehe yake.

Sasa chukua risiti yako ya wiki iliyopita. Weka alama kwenye kila bidhaa uliyoinunua kwa sababu ya ofa peke yake, kisha jumlisha bei zake. Jumla hiyo igawe kwa bei ya kilo moja ya maharagwe mtaani kwako; jibu litakuonyesha ni kilo ngapi ambazo fedha hizo zingeleta jikoni.