Kufuga Chaza wa Miambani Katika Tangi Dogo

Somo letu la leo ni ufugaji wa chaza wa miambani katika tangi dogo la kioo lenye maji ya chumvi. Kazi hii yaweza kufanyika hata mbali na pwani, maana chumvi ya kutengenezea maji ya bahari huuzwa mifukoni. Lakini wengi waliojaribu waliwaua chaza wao bila kujua. Walimfuga kama mnyama tu, wakasahau kwamba chaza huyu ni mnyama na shamba pamoja.

Chaza tunayemsema ni wa jamii ya Tridacna. Aina mbili, Tridacna maxima na Tridacna squamosa, hupatikana katika miamba ya matumbawe ya Afrika Mashariki. Akifungua magamba yake utaona nyama laini imetandazwa nje kama kitambaa, ya rangi ya buluu, kijani au hudhurungi. Ndani ya nyama hiyo huishi mwani mdogo sana usioonekana kwa macho matupu. Mwaka 1928 na 1929 mtaalamu C. M. Yonge wa Uingereza aliwachunguza chaza hawa katika Great Barrier Reef ya Australia, akafikiri kwamba huula mwani wao wenyewe. Lakini mwaka 1967 Leonard Muscatine wa Marekani alionyesha kwamba mwani hutoa sehemu ya chakula chake ukiwa hai, na mwenyeji wake hukipokea. Chaza naye huupa mwani makazi, na taka za mwili wake huwa mbolea.

Basi, sharti la kwanza ni mwanga, kwa kuwa mwani hutengeneza chakula kwa nguvu ya mwanga. Taa ya kawaida ya nyumbani haitoshi. Zatakiwa taa kali za matangi ya matumbawe, ziwake kwa muda wa saa 8 mpaka 10 kila siku. Hatari yake ni hii: chaza aliyepungukiwa na mwanga hafi mara moja. Huweza kuishi miezi mingi akidhoofika polepole, na mwenyewe husema, “Chaza wangu hajambo.” Kwa hiyo usimpime kwa kuwa hai, mpime kwa kukua. Tazama ukingo wa gamba: ukiona mstari mpya mweupe, jua kwamba anashiba.

La pili ni maji. Kila kilo ya maji iwe na gramu 35 hivi za chumvi, na joto liwe kati ya digrii 24 na 27. Tangi jipya liache miezi kadhaa kwanza, ili bakteria wazoee kuigeuza amonia, ambayo ni sumu. Kumbuka pia kwamba maji hukauka lakini chumvi haikauki. Yakipungua kwa mvuke, ongeza maji baridi yaliyosafishwa, wala si ya chumvi. La sivyo tangi litazidi kuwa kali. Umeme ukikatika, pampu husimama na hewa hupungua majini. Hapo yakoroge maji mara kwa mara kwa kikombe, au tumia pampu ya betri.

La tatu ni chokaa. Gamba hujengwa kwa kalsiamu, nayo ikae kati ya miligramu 400 na 450 katika kila lita. Chaza akikua huitumia, basi sharti irudishwe. Wafugaji wengi hutumia maji ya chokaa, yaani yale maangavu tuyajuayo maabarani. Yadondoshwe tone kwa tone, maana ni makali. Pima kila juma na kuandika, kwani mali bila daftari hupotea bila habari.

La nne ni kumshika. Chaza hujifunga mwambani kwa nyuzi zitokazo chini yake. Ukimng'oa kwa nguvu utampasua mwilini, naye aweza kufa. Mwinue pamoja na jiwe lake. Tridacna maxima apewe jiwe la kushika. Tridacna squamosa aweza kukaa hata mchangani.

La tano ni maadui. Wapo konokono weupe, wadogo kama punje ya mchele, ambao hutoka usiku kumnyonya. Mkague kwa tochi, uwaondoe kwa mswaki. Samaki wanaodonoa nyama yake wasiwekwe humo. Na dawa ya samaki yenye shaba usiitie kamwe, maana humwua.

Mwisho, chaza wote wa jamii hii wamo katika mkataba wa CITES tangu mwaka 1985, na biashara yao ya kuvuka mipaka huhitaji kibali. Wapo waliozalishwa mashambani, kama katika visiwa vya Palau. Afadhali hao kuliko kumbandua wa mwambani. Naye asiyeweza kumpa mwanga na chokaa kila siku, kwa miaka, na amwache baharini.

Maswali
1. Kwa nini chaza aliyekosa mwanga hafi upesi?
2. Tangi lenye lita 100 limepungua lita 5 kwa mvuke. Utaongeza maji gani, na kwa nini?
3. Utajuaje kwamba chaza anakua?