Sungura Mweusi Katikati ya Kundi la Kahawia: Somo la Rangi Ngeni za Manyoya

Leo nitazungumzia rangi za sungura, na naomba usiniambie "rangi hailiwi". Rangi imeshawapotezea watu hela, na mara moja mimi mwenyewe ndiye niliyesababisha. Nitafika huko.

Somo limeanza na picha. Mzee mmoja mfugaji katika kata yetu ana mpwa wake anayefanya kazi shambani Uingereza. Huko sungura wa porini ni waharibifu wa mazao, na mwenye shamba anatakiwa awadhibiti. Wanawinda kwa bunduki, au wanamwingiza shimoni fereti, mnyama mdogo wa jamii ya kicheche, na sungura wakitoka mbio wanaangukia kwenye nyavu zilizotegwa midomoni mwa mashimo. Kijana akatuma picha ya mawindo ya siku hiyo: sungura wamelazwa kwa mstari, wote rangi ya majani makavu, isipokuwa mmoja katikati. Mweusi tii.

Mzee akaja na simu yake. "Dokta, huyu katoka wapi? Ametoroka kwa watu?" Halafu akaniambia linalomkera hasa. Kuna mchuuzi amemletea dume jeusi, anadai ni "mbegu ya pori ya Ulaya", haliugui wala halichagui chakula, na bei ni mara tatu ya dume la kawaida. Mzee alikuwa tayari kuuza mbuzi ili alinunue.

Nikamwambia, mzee wangu, mbuzi abaki kwanza zizini, tuelewane.

1. Sungura gani tunamzungumzia?

Kiswahili kinatuchanganya kidogo hapa, kwa sababu wanyama wawili tunawaita jina moja. Sungura pori unayemwona akikimbia kwenye mwanga wa taa za pikipiki usiku si ndugu wa karibu wa sungura wa bandani. Huyu wa porini kwetu hachimbi shimo la kuishi. Analala juu ya ardhi kwenye nyasi, na watoto wake wanazaliwa na manyoya na macho wazi. Wa bandani anazaa watoto uchi, vipofu, ndani ya kiota. Hata kromosomu hazilingani: wa porini kwetu ana 48, wa bandani ana 44. Hawazalishani. Kwa hiyo mtu akikuambia jike lako "limepandwa usiku na sungura wa porini", mjibu kwa upole kwamba hilo haliwezekani.

Sungura wa porini wa Ulaya, yule wa kwenye picha, ndiye babu wa sungura wetu wa bandani. Asili yake ni Hispania, Ureno na kusini mwa Ufaransa. New Zealand White, California, Chinchilla na wengine wote tunaowafuga wametokana na huyo. Kwa hiyo rangi zinazojitokeza porini kwao zinafuata kanuni zilezile za kwenye banda lako.

2. Rangi ya porini ni ipi hasa?

Ukimwona kwa mbali utasema ni kahawia yenye kijivu. Sasa mkamate mmoja wa rangi hiyo, au Chinchilla kama unaye, kisha puliza manyoya ya mgongoni mpaka yafunguke kama ua. Utaona mizunguko. Unywele mmoja una rangi zaidi ya moja: chini kijivu, katikati mkanda wa njano (kwa Chinchilla mkanda huo ni mweupe), na ncha nyeusi. Halafu tumbo ni jeupe, chini ya mkia ni peupe, na macho yamezungukwa na duara lililofifia.

Mchanganyiko huo unamficha mnyama. Akitulia kwenye nyasi kavu, kipanga anapita juu bila kumwona.

3. Rangi ngeni ambazo wawindaji hukutana nazo

*Mweusi.* Huyu ndiye anayeonekana zaidi Uingereza. Mpulize: hakuna mizunguko, na hata tumbo ni jeusi. Kilichotokea ni kwamba ile jeni inayoweka mkanda wa njano kwenye unywele haifanyi kazi. Mnyama ni yuleyule, ila mkanda umeondoka.

*Wa njano au wekundu kama udongo.* Hapa rangi nyeusi ndiyo iliyopungua, njano ikatawala.

*Kijivu cha kibuluu.* Ni mweusi ambaye rangi yake imepunguzwa makali, kama chai iliyoongezwa maji.

*Mweupe.* Hapa tazama macho. Macho mekundu maana yake mwili hautengenezi rangi kabisa, huyo ni zeruzeru. Macho meusi au ya buluu kwenye manyoya meupe ni habari nyingine: rangi ipo mwilini ila haikufika kwenye manyoya.

*Mabaka meupe.* Mara nyingi porini hii ni dalili kwamba sungura wa kufugwa aliwahi kutoroka na kuchanganyika nao. Lakini baka dogo jeupe kwenye paji la uso usilihesabu. Hata baadhi ya sungura pori wa Afrika wanalo, ni kawaida yao.

4. Kwa nini mweusi haishi?

Mzee aliuliza swali zuri: kama mweusi anaonekana kirahisi na adui, mbona hajaisha?

Kila mtoto wa sungura anapokea jeni mbili za kila jambo, moja kwa baba na moja kwa mama. Jeni ya rangi ya porini ina nguvu, ya weusi ni dhaifu. Ukiwa na moja ya pori na moja ya weusi, utaonekana wa pori, na weusi umeubeba kimya kimya kama deni ambalo halijadaiwa. Wawili wenye deni hilo wakikutana, kwa wastani mtoto mmoja kati ya wanne atatoka mweusi. Kipanga anamla huyo mweusi, lakini hawaoni ndugu zake wanaoubeba weusi ndani. Ndiyo maana hauishi.

Pia kuna mkono wa binadamu. Sungura si mwenyeji wa Uingereza. Walipelekwa huko na Wanormani, wakafugwa kwenye maeneo maalumu na visiwani kwa ajili ya nyama na ngozi. Ngozi nyeusi na za kijivu cha fedha zilipendwa, hivyo wafugaji waliwatunza makusudi wenye rangi hizo. Wengine wakatoka, wakaingia porini na rangi zao. Kwenye visiwa kama Lundy na Skokholm sungura weusi wamejulikana kwa muda mrefu.

Mfano mwingine ni Australia. Sungura wa kufugwa walifika huko tangu 1788, lakini kwa miaka mingi hawakuenea sana bara. Mwaka 1859 Thomas Austin akapokea sungura 24 kutoka Uingereza shambani kwake Victoria, na wengi wao walikuwa na damu ya porini. Hapo ndipo balaa lilipoanza. Mwaka 2022 watafiti waliochunguza vinasaba walionyesha kwamba uvamizi ule mkubwa ulitokana na mzigo huo mmoja.

Mzee aliposikia hivyo akaruka: "Si unaona? Damu ya pori ina nguvu!"

Ni kweli, mzee wangu, ina nguvu porini. Inajua kujificha, kukimbia na kuchimba. Lakini sungura wa porini wa Ulaya ana uzito wa kilo moja na nusu hivi, akizidi sana mbili. New Zealand White aliyetunzwa anafika kilo nne hadi tano. Wewe unauza nyama, huuzi mbio. Na hilo dume jeusi la mchuuzi, hata kama babu yake angekuwa wa porini kweli, weusi wake si ushahidi. Weusi upo kwenye mabanda tele.

5. Kosa langu

Miaka ya mwanzo ya kazi yangu, mama mmoja mfugaji aliniita kwake asubuhi. Alikuwa na jike jeusi zuri sana, amelipandisha kwa dume jeupe la macho mekundu. Jike likazaa watoto wanane. Hakuna mweusi hata mmoja, hakuna mweupe, wala mwenye mabaka. Wote rangi ya porini.

Mimi, kijana na cheti changu kipya, nikamwambia: "Mama, umeuziwa jike chotara. Mbegu yako imechafuka, ondoa hawa." Akaniamini. Akauza jike na watoto kwa bei ya kutupa. Lile jike lilikuwa linalea watoto wanane bila kupoteza hata mmoja.

Jirani aliyenunua wale watoto hakuwatenganisha mapema, wakapandana wenyewe kwa wenyewe. Wakazaliwa wa pori, weusi na weupe, wote ndani ya kiota kimoja. Alipokuja kuniuliza, sikuwa na jibu. Nilirudi kwenye vitabu, na nilichokisoma kiliniaibisha.

Iko hivi. Sungura mweupe wa macho mekundu amebeba jeni za rangi, ila zimefunikwa. Ni kama kuta za nyumba iliyopakwa chokaa: chini kuna rangi, huioni. Lile dume jeupe chini ya chokaa lilikuwa la rangi ya porini. Jike jeusi lilikosa jeni ya mkanda wa njano, lakini lilikuwa na jeni nzima ya kutoa rangi. Watoto wakachukua mkanda kwa baba na rangi kwa mama, wakatoka kama babu zao wa Hispania. Mbegu haikuchafuka hata kidogo. Na wale wakipandana wenyewe, kwa wastani kati ya watoto 16 utapata 9 wa pori, 3 weusi na 4 weupe. Ndicho alichokiona jirani.

Nilimrudia yule mama nikamwomba radhi. Alinisamehe, ila jike lake halikurudi.

6. Rangi zinazobadilika bila jeni mpya

Kabla hujahukumu, angalia haya:

- Kubadilisha manyoya. Sungura anaponyonyoka na kuota upya anakuwa na viraka. Subiri amalize.
- Jua. Sungura mweusi anayepigwa na jua anapata wekundu juu ya manyoya.
- Baridi. California ana pua, masikio na miguu myeusi kwa sababu rangi yake hutokea sehemu za mwili zenye ubaridi. Akilelewa kwenye baridi, weusi unakolea.
- Lishe. Sungura mweusi anayekosa madini ya shaba anaweza kugeuka kijivu. Hapo angalia chakula kwanza.
- Majira. Sungura wa milimani wa Uskoti anageuka mweupe wakati wa baridi. Huyo hana tatizo lolote, ni maumbile yake.

7. Ufanye nini bandani kwako

1. Andika daftari: baba, mama, tarehe, idadi ya watoto na rangi zao. Bila daftari, kila rangi itakuwa muujiza.
2. Rangi ambayo hujawahi kuiona ikitokea, kagua undugu. Rangi iliyofichika hujitokeza zaidi ndugu wanapopandana. Rangi yenyewe haina madhara, lakini njia hiyohiyo hupitisha kasoro nyingine kama meno yaliyopinda. Badilisha dume.
3. Tenganisha madume na majike wakifika miezi mitatu.
4. Chagua mzazi kwa uzito, idadi ya watoto walionyonya mpaka wakaachishwa, na afya. Rangi iwe ya mwisho.
5. Ukitaka kujua jeusi lako ni la aina ya kawaida, puliza manyoya na tazama tumbo. Weusi wawili wa aina hiyo hawatakuzalia wa rangi ya pori.

Angalizo: Usimkamate sungura pori wa rangi ngeni ukamleta bandani. Hatazaa na wako, anaweza kuleta viroboto na maradhi, na kwetu Tanzania kuwinda bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009. Ukimwona, mwache aende.

Mwisho wa habari ya mzee

Tulikwenda pamoja kumwangalia lile dume. Nililipuliza: halina mizunguko, tumbo jeusi. Jeusi la kawaida kabisa. Tukalifungua mdomo, meno ya mbele yamepishana. Tukamwuliza mchuuzi tarehe ya kuzaliwa, hana. Mama yake yupi, hajui. Mzee akanitazama, akacheka, akasema, "Dokta, huyu hata jina la baba yake hana, halafu anataka mbuzi wangu!"

Mbuzi yuko zizini mpaka leo. Na mpwa ameombwa, akipata mweusi mwingine kwenye mawindo, apige picha ya tumbo pia.

Kazi ya nyumbani: Leo jioni puliza manyoya ya kila sungura wako na uandike ulichokiona. Somo lijalo tutajifunza namna ya kusoma daftari hilo ili kuchagua dume. Kila la heri.