Dondoo muhimu: Kuanika nguo bila mashine

Katika nyumba nyingi za Maswa, jua na upepo ndivyo vikaushio tangu enzi za mabibi.

• Futa kamba kwanza. Vumbi la kiangazi huchafua mashuka, na waya wenye kutu huacha doa lisilotoka.
• Nguo za rangi zigeuze, upande wa ndani utazame jua.
• Usianike juu ya ua wa minyaa: utomvu wake huwasha ngozi na kuumiza vibaya macho.
• Usitandaze nguo chini, hasa nepi. Kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo zenye unyevu, na funza wake huingia ngozini.
• Nguo iliyoanguka chini ipige pasi ya moto pande zote, hata kwenye mishono, ili kuua mayai ya nzi huyo. Nepi ya mtoto usiiruke.