SOMO LA AFYA: MIONZI KWANZA, KISU BAADAYE

Tuseme mzee wa Temeke anatoka damu akienda choo kikubwa. Nyumbani wanasema ni bawasiri. Anapimwa hospitalini, kumbe ni saratani ya puru, yaani mwisho wa utumbo mpana.

Daktari anasema: "Mionzi kwanza, upasuaji baadaye." Ndugu wanalalamika: "Mbona wanamzungusha?"

La, hawamzungushi. Mionzi, ambayo hutolewa Taasisi ya Saratani Ocean Road, huua chembe za saratani. Wengine hupigwa siku 5. Wengine huenda wiki 5 hivi, pamoja na dawa, ili uvimbe usinyae.

Tuangalie hesabu iliyotolewa Uswidi mwaka 1997. Katika kila wagonjwa 100 waliopasuliwa tu, 27 walirudiwa na saratani palepale ndani ya miaka 5. Waliotanguliziwa mionzi ya siku 5, walirudiwa 11.

Tahadhari! Damu ikikoma, mgonjwa asikimbie kisu. Mizizi huenda imebaki. Tumsindikize mzee wetu mpaka mwisho.

Maswali
1. Kwa nini mionzi hutangulia?
2. Damu ikikoma, tufanye nini?