Rupia ya Mombasa ya Mwaka 1888

Swali: Marehemu babu ameniachia rupia ya fedha ya Mombasa, ya mwaka 1888, ing'aayo mno. Sonara ashauri tuisugue kabla ya kuiuza. Je, yafaa?

Jibu: Hasha, muhibu wangu, usikubali isuguliwe hata kwa kitambaa. Rupia hizo zilipigwa Birmingham katika kiwanda cha Heaton, ndipo zikawa na herufi H, kwa ajili ya kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki iliyopewa hati ya kifalme mwaka huohuo; na mbali na zile za kuzunguka sokoni, zilifanywa pia za kielelezo, ambazo kalibu zake hung'arishwa kwanza, na kipande cha fedha kikatayarishwa kwa makini na kupigwa zaidi ya mara moja, hata uso ukawa mfano wa kioo na kila nakshi, mizani kwa upande mmoja na jua lenye taji kwa wa pili, ikasimama dhahiri kwa kingo kali.

Ili ujue kama yako ni ya namna hiyo au ilikwisha kusuguliwa, ishike ukingoni, uigeuzegeuze chini ya taa: iliyosuguliwa hung'aa pia, lakini huonyesha michirizi myembamba ielekeayo upande mmoja, na kingo za herufi zake zimelegea. Wakusanyaji hulipa zaidi kwa weusi wa asili uliojijenga kwa miaka kuliko mng'ao wa kubandikwa, na mchirizi ukishaingia hautoki. Naona umpelekee kwanza mjuzi wa sarafu kongwe, si sonara, ambaye aghalabu hupima uzito wa fedha tu.